Ushauri wa Ijumaa kwa Mzee Clifford

Naftaly Nzivo ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha rangi huko Industrial Area, Nairobi, kazi aliyoianza akiwa kijana wa miaka ishirini na saba na ambayo bado anaifanya akiwa na hamsini kasoro mwaka mmoja. Anakaa Maringo, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji, chumba kimoja na jikoni, na kila asubuhi huenda kazini kwa miguu akikatiza Makadara. Ni mtu mrefu, mpole, asiyependa kuinua sauti. Wenzake wa kiwandani wanasema ukimuuliza Nzivo kama kuna rangi nyeupe, hakujibu mpaka ainuke aende akaione kwa macho yake, hata kama aliiona saa moja iliyopita.

Mkewe, Kavindu, alikuwa akishona mikoba ya ngozi pale sokoni Kariokor. Waliishi pamoja miaka kumi na sita bila kujaliwa mtoto. Mwanzoni jambo hilo lilizungumzwa sana, na jamaa wa pande zote mbili, kisha likaacha kuzungumzwa. Macho ya Kavindu yalipoanza kuchoka na sindano, alijiunga na darasa la kutunza wazee huko Buruburu, na mnamo Septemba 2022 akapata kazi Uingereza. Nzivo alimsindikiza hadi pale ambapo msindikizaji hawezi tena kuingia. Walishikana mikono kama watu wa ofisi, kwa sababu kulikuwa na watu wengi, halafu Kavindu akapita.

Mwezi wa kwanza walipigiana simu kila siku. Mwezi wa tatu ikawa mara mbili kwa wiki. Kufikia Pasaka ilikuwa Jumamosi tu, saa nne asubuhi ya Nairobi, na mazungumzo yenyewe yalikuwa na njia moja. Umekula? Nimekula. Kazi? Iko tu. Huko kuna baridi? Iko. Mvua imenyesha? Kidogo. Kisha wanasikilizana wakipumua, na mmoja anasema haya basi, tutaongea. Hawakuwa wamegombana. Nzivo alijaribu wakati mwingine kuweka akiba ya mambo ya kumwambia, jirani aliyehama, paka aliyezaa juu ya tangi la maji, lakini simu ikilia mambo hayo yote yalionekana madogo, na aliona haya kuyatoa.

Mambo yalibadilika Agosti ya mwaka uliofuata. Kavindu alikuwa amehamishiwa kwa mzee mmoja karibu na Leeds, anaitwa Clifford, dereva wa basi mstaafu wa miaka themanini na minne, aliyekuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono. Kavindu aliishi naye nyumba moja, akimpikia, akimwogesha, akimpa dawa. Mzee huyu alikuwa na mchezo kwenye simu yake ambao mwanawe alimwekea kabla ya kuhamia Australia. Unachagua wachezaji kumi na watano wa ligi ya Uingereza, na kila wiki unaamua ni kumi na mmoja gani wataanza na wanne gani watakaa benchi. Wakifunga bao au kuzuia bao kwenye mechi za kweli, wewe unapata pointi, na za yule uliyemteua nahodha zinahesabiwa mara mbili. Mzee alikuwa akiupenda mchezo huo kuliko chakula. Ila vidole vyake vilibonyeza pasipotakiwa, kwa hivyo Kavindu ndiye aliyembonyezea, na kwa kuwa mzee alipenda kuuliza maoni, alimuuliza Kavindu, ambaye hakujua kipa wala winga.

Jumamosi hiyo, badala ya kuuliza kama mvua imenyesha, Kavindu alisema, "Mzee wangu hapa anauliza, kati ya hawa mabeki wawili, nani aanze. Nimwambie nani?"

Nzivo aliomba nusu saa. Aliwahi kuwa kipa wa timu ya kiwanda na alisikiliza mpira redioni kama watu wengine, lakini mchezo huu wa simu hakuujua. Alitembea hadi kwa Kimani, kinyozi wa pale stejini, kwenye kituo cha matatu, ambako vijana hukaa kutwa wakibishana juu ya timu zao, akaomba aelezwe. Walimcheka kidogo, kisha wakamweleza, na mmoja akamfungulia timu yake mwenyewe kwenye simu ya Nzivo. Nzivo akarudi nyumbani, akaangalia nani anacheza na nani, nyumbani au ugenini, akampigia Kavindu. Beki aliyemchagua hakufungwa bao wiki ile. Jumamosi iliyofuata Kavindu alisema mzee amefurahi mpaka akaomba yai la pili.

Hivyo ndivyo ulivyoanza ushauri wa Ijumaa. Nzivo alitoka kazini, akachemsha chai, akakaa mezani na daftari lile lile la mistari analotumia kuhesabia makopo, na kuandika. Aliufanya mpira kama alivyofanya stoo. Hakuamini sifa, alitaka kujua nani yupo, nani hayupo, na nani anatarajiwa tu. Mchezaji aliyesemekana atapona kufikia Jumamosi, kwake alikuwa kama mzigo ulioko bandarini, na hakuuandika kwenye kadi ya stoo mpaka aone lori getini. Akimaliza alimtumia Kavindu ujumbe mrefu. Mmoja wa mwezi wa kumi ulikwenda hivi:

"Mwambie Mzee kipa abaki yule yule. Beki wa kulia asianze, wanakwenda ugenini kwa watu wanaofunga mapema, na yeye hupanda mbele akasahau kurudi. Yule kiungo mrefu aanze hata kama goti linamuuma, kocha wake hana mwingine. Nahodha ni mshambuliaji mkubwa, Mzee asijaribu ujanja. Benchi, wa kwanza awe beki. Mshambuliaji wa akiba huingia dakika ya themanini akapata pointi moja na kumzuilia nafasi mwenzake. Mwambie pia avae soksi, umesema anakataa."

Asubuhi Kavindu alimtafsiria mzee wakati wa chai, na saa nne akampigia Nzivo na majibu. Mzee Clifford hakuwa mtu wa kukubali tu. Kulikuwa na winga mmoja aliyezaliwa mtaa ule ule aliokuwa akipitisha basi, na huyo lazima aanze kila wiki, acheze vizuri au vibaya. Nzivo alimpinga miezi minne bila kufua dafu. Ikabidi awaunge wote wawili kwenye ligi ndogo ya timu mbili, yake na ya mzee, aliyoipa jina Maringo na Ng'ambo, ili ionekane wazi nani anajua. Mzee alipoongoza jedwali alimtuma Kavindu salamu za dharau. Nzivo alizipokea akicheka peke yake kwenye kiti.

Na mzee alipenda kuuliza. Huyu mumeo anayejua mpira ni mtu wa namna gani? Mlikutana wapi? Kavindu alimweleza jinsi Nzivo alivyokuja Kariokor kurekebishiwa mkanda wa saa, akarudi kesho yake na mkanda ule ule umekatwa mahali pengine, na kesho kutwa tena. Alimsimulia Nzivo kwamba amemsimulia mzee. Nzivo akauliza kwa nini hakuwahi kumwambia kwamba aligundua mkanda ulikatwa kwa kisu. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," Kavindu alisema. Siku hizo simu ya Jumamosi ilichukua saa nzima. Kwa sababu ya mtu mwingine waliyekuwa wakimjibu, walianza tena kuzungumza wao kwa wao.

Mtaani nako jina lilienea. Vijana wa kwa Kimani waligundua kwamba Nzivo huyu wa kimya akisema fulani asianze, kweli timu ya fulani inachapwa mabao manne. Wakampa jina, Mzae wa Stoo, yaani mzee kwa lugha yao ya mtaani. Ijumaa akipita walimwita, "Niaje mzae, wikendi hii tuanzishe nani?" Alisimama mlangoni, akawapa majina matatu au manne na sababu zake, nao wakayaandika kwenye simu. Kisha wakarudi kwenye gumzo lao, na yeye akasimama kidogo zaidi, asijue kama aingie akae au aende. Hakuna aliyemwambia aingie, wala hakuna aliyemfukuza. Alikwenda. Kavindu alipouliza mechi anatazamia wapi, alijibu, kwa Kimani, tunajaa. Kwa kweli alizisikiliza nyumbani, redio ikiwa juu ya friji.

Krismasi ile Kavindu alimpa mzee simu wazungumze. Kiingereza cha mzee kilikuwa kizito, cha mtu aliyeongea na abiria maisha yake yote, na cha Nzivo kilikuwa cha barua za kiofisi. Hawakuelewana sana. Lakini neno benchi walielewana, na mzee akacheka kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi, na Nzivo akabaki ameshika simu hata baada ya kukatwa. Alikuwa na miaka mingi bila rafiki mpya.

Mwezi wa tatu timu ya mzee ilianza kushuka. Nzivo hakushangaa mwanzoni, mpira una wiki mbaya. Kavindu alisema mzee anashukuru, anasema wiki ijayo atamshinda. Ila majibu yenyewe yalikuwa yamepungua. Hakukuwa tena na ubishi juu ya winga. Nzivo aliongeza bidii, akaandika ushauri mrefu zaidi, akitaja dakika na viwanja, akidhani labda amekuwa akieleza vibaya.

Jumapili moja ya Aprili aliamua kuifungua timu ya mzee aitazame yote, si pointi tu. Winga alikuwa uwanjani. Karibu naye walisimama wanne ambao walikuwa majeruhi, mmoja wao amevunjika mguu kabisa na gazeti lilishasema hatacheza tena msimu huo. Huyo ndiye aliyekuwa nahodha. Akarudi nyuma wiki moja. Timu ile ile. Akarudi nyingine, na nyingine, akifuata kama anavyofuata kadi ya kopo lililopotea, mpaka wikendi ya pili ya Februari. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyegusa kitu. Hakuna aliyeuzwa, hakuna aliyenunuliwa, hata benchi halikupangwa upya.

Kwanza alikasirika. Aliona mzee amemdharau, kwamba kila Ijumaa anakaa mezani saa mbili kwa ajili ya mtu asiyesoma. Kisha akakumbuka kwamba mzee hakuwa akibonyeza mwenyewe. Anayebonyeza ni Kavindu, na Kavindu ndiye aliyesema jana tu, "Amefanya vile ulivyosema." Hapo hasira ikageuka kuwa kitu kingine. Wiki nzima alikuwa kazini akihesabu makopo mara mbili mbili. Alifikiria kile ambacho mwanamume hufikiria mkewe akiwa mbali na akimwambia lisilo kweli. Alifikiria nyumba asiyoijua na mtu asiyemjua. Alijichukia kwa kufikiria hivyo na akaendelea kufikiria.

Ijumaa aliandika ushauri kama kawaida. Alikuwa karibu kuandika kwamba anajua, akafuta. Jumamosi saa nne simu ilipolia, Kavindu alianza kusema mzee ameamka vizuri leo.

"Mpe simu nimsalimie," Nzivo alisema.

"Yuko bafuni."

"Nitangoja."

Nzivo alisikia gari likipita upande ule, na saa ya ukutani ambayo hakuwahi kuisikia kule kwa mzee.

"Kavindu. Uko wapi?"

"Mzee alifariki," Kavindu alisema. "Jumanne, tarehe kumi na tatu Februari. Nilimpelekea chai nikamkuta amelala upande. Simu yake ilichukuliwa na jamaa zake pamoja na vitu vyake vingine, ndiyo sababu timu imekaa hivyo. Nilijua siku moja utaitazama."

Nzivo alikaa chini kitandani. Hakujua kwamba alikuwa amesimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniandikia nini Ijumaa?"

Aliona zile simu za kabla ya mzee, umekula, nimekula, na akaona kwamba Kavindu naye alikuwa ameziona, kwamba kule alikokuwa alikaa akiziogopa kama yeye. Alichoweza kumwambia ni pole. Akasema pole kwa mzee, kisha akasema tena, pole kwako, kwa sababu alitambua kwamba miezi miwili mtu huyu alikuwa na msiba na hakuna hata mmoja aliyempa pole.

Kavindu alilia kidogo, bila sauti kubwa. Halafu akamweleza. Siku ya tatu baada ya mzee kufa alihamishwa mji mwingine, kwa bibi mmoja asiyezungumza isipokuwa kumwita Kavindu kwa jina la dada yake aliyekufa. Kavindu alizoea kuitikia. Kulikuwa na siku alikaa kutwa bila kusikia jina lake mwenyewe, na Ijumaa jioni ujumbe ulipoingia, mwambie Mzee hivi, mwambie Mzee vile, aliusoma wote, mabeki na viungo, hata sehemu asizozielewa, akautafsiri kwa Kiingereza taratibu akiwa peke yake jikoni, kama alivyokuwa akifanya. Ndipo alipotunga majibu ya mzee. Yule winga, Kavindu alishindwa kumtetea kwa sababu hakujua mzee angesema nini.

Nzivo naye akasema la kwake. Alisema hatazami mpira kwa Kimani. Alisema hakuna mtu aliyeingia nyumba hiyo tangu mwaka jana, isipokuwa fundi wa bomba. Alisema Jumapili anakwenda ibada ya kwanza kwa sababu ya pili ina familia nyingi, na akirudi huvua viatu na kukaa, na wakati mwingine jioni inamkuta hapo. Haya yote aliyasema polepole, akiyatoa moja moja. Alipomaliza, Kavindu alimuuliza kwa nini alikuwa akimdanganya kwamba wanajaa, na Nzivo akasema hakutaka abebe na hilo pia.

Saa ya kufunga timu ilipita wakiwa bado kwenye simu. Ligi ya Maringo na Ng'ambo ikaisha Mei na timu mbili zilizotelekezwa.

Nzivo aliandika barua kwa mtoto wa mzee, yule wa Australia. Kavindu alikuwa na anwani. Ilimchukua jioni tatu, kwa Kiingereza chake cha ofisini, akieleza kwamba alimfahamu baba yake kwa miezi sita kuhusu mambo ya mpira, kwamba alikuwa mpinzani mzuri na mwenye msimamo, na kwamba alikuwa sahihi juu ya winga mara tano, ambazo Nzivo alizitaja kwa tarehe. Aliipeleka posta ya Makadara wakati wa chakula cha mchana. Hakujibiwa. Labda haikufika, labda mtu yule hakujua la kujibu.

Watu waliosikia kisa hiki walitarajia Kavindu arudi. Hakurudi. Mkataba wake uliongezwa miaka mingine, na wote wawili walikubaliana aongeze, kwa sababu pale Kariokor macho yake hayakuwa na kazi tena, na kwa sababu yule bibi alikuwa amemzoea. Nzivo aliomba likizo ya kwenda kumwona, akanyimwa viza, akaomba tena, akanyimwa. Bado anaishi peke yake. Ijumaa bado wanamwita kwa Kimani na bado anawapa majina yao matatu mlangoni. Mara moja alijilazimisha kuingia akakaa nao mechi nzima. Walimpisha kwenye benchi kwa heshima, wakapunguza matusi kwa ajili yake, na ikaonekana wazi kwamba wanangoja aondoke wajiachie. Hakurudia.

Ushauri hauandiki tena. Alijaribu kumwandikia Kavindu barua ya Ijumaa isiyo na wachezaji, na mara ya kwanza alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Alimwandikia mistari minne. Alimweleza kwamba dari la jikoni limeanza kuvuja upande wa dirisha, kwamba ameweka sufuria, kwamba ile sauti ya matone si mbaya. Kavindu alijibu kwa mistari mitatu. Ziko Jumamosi simu inachukua dakika tano, na wote wawili wanajua ni dakika tano, na hakuna anayejitungia la kuongeza.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita mwaka jana, ligi ikiwa imefungwa na hakuna mpira popote, Kavindu alipiga akasema hana jambo lolote. Nzivo akasema hata yeye. Alikuwa ameanza kupika, akasema basi tutaongea.

"Usikate," Kavindu alisema. "Iweke tu hapo mezani. Endelea na unachofanya."

Nzivo aliiegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Akakata sukuma wiki, akakata kitunguu, akawasha jiko. Akasonga ugali akiwa ameipa simu mgongo. Hakuzungumza, na upande wa pili hakukuwa na sauti isipokuwa kijiko kikigonga kikombe mara moja. Alipakua, akakaa, akala. Alipomaliza kuosha sahani alirudi akaitazama simu. Dakika zilikuwa bado zinahesabu.